Walizisafisha Alama za Mama Nduku

Keki ilikuwa tamu, na saa ya ukutani mliyonipa inafanya kazi. Lakini kwenye ile hotuba ya kuniaga mlisema kwamba miaka yote niliyokaa nanyi hamkuwahi kuniona nimekasirika, na watu wakapiga makofi. Nilitabasamu kwa sababu kamera ilikuwa imenielekea. Sasa niko nyumbani, kamera hakuna, na nataka niwaambie ukweli: nimekuwa na hasira tangu miaka ya tisini. Mlidhani ni upole kwa sababu mimi nikikasirika hunyamaza nikaendelea na kazi.

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya kuchapa muziki ilivyokuwa kabla yenu. Haya, nitaandika. Habari za vyeo na mishahara mtanisamehe, hazikuwa nyingi na hazina utamu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini, msichana wa Kambi Muru, Kibera, mtoto wa watu waliotoka Magharibi. Asubuhi nilitoka nyumbani kwa miguu, nikavuka barabara ya Ngong, nikafika Kawangware viatu vimebadilika rangi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya mbao, kwa hiyo tuliandika muziki huku msumeno ukipiga kelele chini ya miguu yetu. Makwaya yalituletea nyimbo zao, nasi tukaziandika na kuzichapa ili waimbaji wapate nakala.

Aliyenipokea ni Mzee Ouma, mwandishi wa muziki wa ofisi ile. Aliniambia nivue bangili, ninawe mikono, nikae. Akanipa stensili, ile karatasi ya nta tuliyokuwa tukiichora kabla ya kuivisha mashine ya kunakili, na kalamu ya ncha ya chuma. Kazi yangu ilikuwa kuchora mistari mitano ya muziki bila kuitoboa karatasi. Nilizitoboa kutwa nzima. Jioni alizikusanya, akasema kesho nitatoboa chache kidogo, na ikawa hivyo.

Mzee Ouma angeweza kusikia wimbo mara moja na kuuandika huku akinywa chai. Hicho si kitu cha ajabu, wako wengi wanaoweza. Kitu chake ni kwamba hakukubali wimbo wowote uchapwe kabla mtunzi mwenyewe hajashika nakala ya kwanza mkononi na kuuimba kutoka kwenye karatasi, mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza. Mwenyewe akiwa Kibera, Ouma alimfuata Kibera. Akiwa matangani, Ouma alisimama nje ya hema mpaka watu wamalize kula. Meneja wetu alikuwa akimcheka kwa hilo, akisema tunaendesha ofisi, si posta.

"Wimbo ni wa mwenyewe," Ouma aliniambia mara moja, na hakurudia. "Sisi tumeushikilia tu."

Ndivyo nilivyomjua Mama Nduku. Ouma alinituma kwake Kabiro, hapo hapo Kawangware, na nakala ya kwanza ya wimbo wake mmoja. Alikuwa mama wa Kitui, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, mwalimu wa kwaya ya Wakamba waliokuwa wakisali pale karibu na nyumba alimopanga. Alikuwa ametunga nyimbo nyingi na hakuwa na hata moja kwenye karatasi mpaka alipokutana na Ouma. Aliimba huku mikono inasuka, na sauti yake ilitoka nje ya mlango ikafika kwa majirani, nao walikuwa wameshazoea.

Alichukua karatasi yangu, akaimba mstari wa kwanza, akasimama. Akaniuliza alama ziko wapi. Nilikuwa nimeandika herufi i na u tupu, bila kile kiwimbi kidogo kinachokaa juu yake, kwa sababu katika Kiluhya chetu hakuna kitu kama hicho na nilidhani ni mapambo. Hakunikasirikia. Aliniweka kwenye kigoda akanifundisha. Kikamba kina i na kina ĩ, kina u na kina ũ, na hizo ni sauti tofauti kabisa. Yenye kiwimbi si i wala si e, inakaa katikati, na mdomo unashuka kidogo. Nilijaribu. Alicheka mpaka akaweka chondo chini.

Halafu akaacha kucheka, akanieleza kwa nini alikuwa king'ang'anizi. Waimbaji wake walikuwa vijana waliozaliwa Nairobi. Nyumbani waliongea Kiswahili, nje waliongea Sheng, na Kikamba chao chote kilikuwa kile cha kwaya.

"Hawa watoto huimba kile wanaona," alisema. "Ukiniandikia vibaya, wataimba vibaya, na watafundisha wengine."

Mjue kwamba kwenye maongezi mtu anaweza kuteleza na maisha yakaendelea. Kwenye wimbo irabu inashikiliwa mapigo manne na sauti zote nne, mbele ya watu waliovaa vizuri. Hapo hakuna pa kujificha.

Basi tukawa tunachora viwimbi vyake kwa mkono kwenye stensili, na havikutusumbua. Kalamu ya chuma haikujua ni lugha gani inaandika.

Katikati ya ile miaka kompyuta ikaja. Meneja aliipandisha ngazi mwenyewe, akaifunika kitambaa cha kufuma, na ndani yake akaweka programu ya kuandika muziki iliyotoka ng'ambo kwenye disketi. Siwezi kudanganya, niliipenda. Noti zilijipanga zenyewe, mistari ilinyooka, ukikosea unafuta bila kutupa ukurasa mzima. Mzee Ouma aliambiwa kwamba sasa apumzike. Alifungasha kalamu zake kwenye mkebe wa kahawa akaenda kwao, na hakuna aliyemkatia keki.

Wiki ya kwanza ya kuandika wimbo wa Mama Nduku kwenye mashine ile ndipo hasira yangu ilipoanza. Maneno yalikaa chini ya noti vizuri sana mpaka nilipofika kwenye ĩ. Programu ilikuwa na herufi za Kifaransa zenye kofia. Ilikuwa na za Kijerumani zenye nukta mbili. Mreno alikuwa amewekewa kile kile kiwimbi nilichokitaka, juu ya a na juu ya o, kimekaa raha mustarehe. Juu ya i na u hakuna mtu aliyekumbuka kukiweka. Yaani kiwimbi chenyewe kilikuwamo ndani ya mashine, nakiona kwa macho, lakini Mkamba hakuruhusiwa kukigusa.

Nilimpigia wakala aliyetuuzia programu, mjini. Kijana wa simu aliniuliza ni lugha gani, nikamwambia. Akapekua kitabu chake.

"Hiyo lugha haiko, madam," akasema.

Nikamwambia iko, iko Kabiro, na inadai nyimbo zake. Akasema atauliza, na sijui kama bado anauliza.

Nikahangaika. Tulipata kwa watafsiri fulani wa maandiko disketi yenye fonti iliyokuwa na herufi zile. Kwenye programu ya barua ilikubali. Kwenye programu ya muziki, kwenye skrini, herufi zilionekana sawasawa, nikashangilia peke yangu. Nikatuma kwa printa, printa ikatoa viboksi. Ukurasa mzima wa Mama Nduku, kila palipokuwa na ĩ pana kiboksi kitupu. Nikajaribu kofia za Kifaransa badala ya viwimbi. Kwenye skrini kofia, kwenye karatasi alama ambazo sijaziona tangu siku hiyo. Nyinyi leo mnabonyeza kitufe herufi inatokea, mnalalamika kwamba imechelewa. Sisemi kitu.

Wakati ule ule Mama Nduku aliugua koo. Kwanza alikohoa, kisha sauti ikakwaruza, kisha akapelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji. Alirudi Kabiro na leso shingoni, na sauti haikurudi naye. Akitaka kusema alitoa pumzi tu, na ukikaa karibu sana ungepata neno moja kati ya matano. Mwanamke aliyekuwa akisikika mtaa mzima. Nilipomwona nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu alikuwa akisuka.

Kanisa lake likaamua nyimbo zake zichapwe kitabu kizima, kitakachokwenda mpaka Machakos na Kitui. Sasa mnaona mambo yalipofika. Mwanzoni kijana akiimba vibaya angemkatiza na kumwimbia. Sasa hakuwa na cha kumwimbia. Kilichobaki cha kuwaambia watu wimbo unaimbwaje kilikuwa karatasi, na karatasi ilikuwa mikononi mwetu.

Meneja alisema niondoe alama zote. Wakamba watajua wenyewe, alisema, na waimbaji wataelewa. Nilimjibu kwamba hawa waimbaji hawajui, ndiyo maana wana kitabu. Akaniambia nisimletee siasa za makabila kazini. Siasa. Mimi Mluhya, nampigania mama wa Kitui herufi zake, halafu nimeleta siasa.

Nikafanya hivi. Niliandika maneno yote kwa kompyuta na herufi tupu, nikatoa kurasa zote kwenye karatasi nzuri, zile zitakazopelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji kupigwa picha. Kisha nikanunua kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, na Mama Nduku akaja ofisini na chondo chake, akakaa kando yangu. Nilichora viwimbi kimoja kimoja kwa mkono, kama alivyonifundisha Ouma, pumzi nimeibana. Nikipita mahali bila kuweka alama, Mama Nduku aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Akigonga mara moja ilikuwa ĩ, mara mbili ilikuwa ũ. Msumeno ulikuwa ukinguruma chini na bado nilimsikia akigonga. Siku nyingi tulikaa hivyo, na naweza kusema ndizo siku nzuri kuliko zote za kazi yangu.

Tulipomaliza alipitia kurasa zote, midomo inacheza, hakuna sauti. Alikuwa akiimba. Nami nilikaa nikamsikiliza, maana hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya Ouma. Alipofika mwisho aliniwekea mkono kichwani.

Kurasa zikaenda kiwandani, upande wa viwanda vya mjini. Sasa niwaeleze, kwa kuwa hamjawahi kuona. Ukurasa ulipigwa picha, ukawa filamu nyeusi, na maandishi yakawa matundu yanayopitisha mwanga. Vumbi likiingia nalo linaacha kitundu chake, na kisipozibwa kinachapwa kama doa. Kwa hiyo kulikuwa na fundi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, ana brashi nyembamba na rangi nyekundu, anaziba kila kitundu kisicho na kazi. Baadaye kiwanda kilitoa nakala ya majaribio, ya rangi ya buluu, mteja aithibitishe kabla ya mashine kuanza. Nakala hiyo ilipaswa kwenda Kabiro. Nilimkumbusha meneja kwa mdomo wangu mara mbili, akasema ameshashughulikia.

Vitabu vilikuja kwa katoni, vinanukia wino. Nilifungua cha juu. Noti zilikuwa zimenyooka, maneno yalikuwa meusi safi, na hakukuwa na kiwimbi hata kimoja. Nilifungua kingine na kingine, kana kwamba mashine ingechapa tofauti.

Nilikwenda kiwandani moja kwa moja. Fundi wa filamu aliitwa Maina, mtu mtaratibu, miwani imemshukia nusu ya pua. Nilimwonyesha. Aliniangalia akingoja shukrani.

"Madam, hiyo kazi ilikuwa chafu," alisema. "Vidoadoa mingi, yote juu ya maneno. Meneja wenu aliniambia hataki kuona doa, nikakusafishia yote. Macho imeniuma."

Nilimweleza zilikuwa nini. Alivua miwani, akaivaa tena. Akashika kitabu karibu na uso.

"Hizi hata sisi tuko nazo kwa Kikikuyu," alisema polepole. "Mamangu huandika hivi. Lakini hapa kwa hii meza sijawahi kuziona hata siku moja. Nikajua ni uchafu."

Sikuweza kumkasirikia Maina, nilijaribu njia nzima ya kurudi nikashindwa. Mtu anakaa kazini miaka mpaka herufi za mamake mzazi akiziona anadhani ni vumbi. Kosa hilo halikuwa lake peke yake, na hasira yangu niliibeba kama ilivyo mpaka ofisini.

Meneja alikuwa akinywa chai. Nilimuuliza ile nakala ya buluu alimwonyesha nani. Akasema aliitia sahihi yeye mwenyewe, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na haraka. Nikamuuliza mbona hakumpelekea Mama Nduku.

"Nimpelekee afanye nini, Jesca?" alisema. "Hata kuongea hawezi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma saa. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninaweza kumchukia mtu aliyekaa kwenye kiti anakoroga chai. Nilisema vitabu vichapwe upya, akasema hapana. Nilisema basi tuingize karatasi ya masahihisho, akasema kitabu kitaonekana kina makosa. Ndiyo, alisema hivyo.

Kitabu kilizinduliwa kanisani Kabiro Jumapili. Nilikwenda. Mama Nduku alikuwa ameketi mbele kwenye meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, leso mpya shingoni, kitabu mapajani. Alikuwa ameshakifungua. Hakunitazama kwa lawama, na afadhali angefanya hivyo.

Kwaya ikasimama, kila mmoja na kitabu chake kipya, ikaanza. Noti ya tatu ni ndefu, na iko kwenye ĩ. Waliimba i, kali na nyembamba, sauti zote nne, kwa furaha. Mama Nduku akagonga meza mara moja.

Mpiga kinanda alidhani ni mdundo. Wakaendelea. Akagonga tena, na tena, mara moja, mara mbili, mara moja, mpaka maua yakaanguka, na kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Watu walitazamana. Mchungaji aliinuka nusu akakaa. Mimi peke yangu mle ndani nilijua anachosema, na nilianza kusimama nieleze, lakini yeye alikuwa ameshasimama.

Alikwenda kwa msichana wa kwanza wa soprano, Mwende, mwembamba, macho yamemtoka. Akamshika taya kwa vidole viwili, akalishusha kidogo, akambana mashavu kidogo tu, akampa ishara kwa kichwa kwamba aimbe. Mwende akaimba. Ikatoka ĩ, ile yenyewe, ya katikati. Mama Nduku akafumba macho. Kisha akahamia kwa wa pili, na wa tatu, mstari mzima, anawapanga midomo kwa mikono ya kusuka. Walipouimba wimbo tena niliegemea ukuta nikalia bila aibu.

Lakini mikono ile ilikuwa ya kwaya moja, na katoni zilikuwa nyingi. Vilikwenda Machakos, vilikwenda Kitui, vilikwenda kila walikoimba. Mama Nduku alizikwa kwao kabla ya miaka ya tisini kwisha, na kwenye mazishi kwaya ya wageni ilimwimbia wimbo wake mwenyewe kutoka kitabu chetu. Nilitoka nje ya hema.

Mnajua yaliyobaki. Kompyuta zilijifunza, programu zikajifunza, na leo ĩ inakaa chini ya noti bila kuomba ruhusa. Mwaka wangu wa mwisho nanyi mliniona nikiandika nyimbo fulani wakati wa chakula cha mchana, mkaniuliza za nani, nikasema za zamani. Zilikuwa hizo. Niliziandika zote upya, na viwimbi vyote, nikazichapa, nikaipelekea kwaya ile ile ya Kabiro. Kiongozi sasa ni kijana mwenye adabu na simu mbili. Alisoma, akaimba kimoyomoyo, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Auntie, tunashukuru, lakini hapa mmekosea," alisema. "Hii wimbo haiimbwangi hivi. Sisi tumeiimba hivi tangu zamani, hata ushago huko Kitui wanaimba hivi."

Nilimwambia ulitungwa hivi. Akatabasamu kwa heshima. Kwa nyuma walikuwa wakianza mazoezi, wakauimba, i kali na nyembamba, na chini yake nikasikia sauti moja inayokwenda kwingine. Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, mwisho kabisa wa mstari, mbali na maikrofoni.

"Huyo ni Mama Mutuku," kiongozi alisema akishusha sauti. "Jina lake Mwende. Ni mtu wa zamani sana hapa, hatuwezi kumtoa, lakini hiyo noti huwa anaikosa kila siku. Ndiyo tumemweka huko nyuma."

Noti ndefu ikaja tena. Kwaya nzima ikaimba kitabu cha meneja. Mwende, kule nyuma, akajishika taya kwa vidole viwili, akalishusha kidogo.